Mkono wa Mlezi Kwenye Pazia

Kaeni vizuri. Mwenye mchele wa kuchambua achambue huku anasikiliza, niwape habari za nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Sikatai kwa ubaya. Ni kwamba jina la nchi hiyo likitajwa inabidi kila mtu asimame wima, na nyie mmeshakaa.

Ni nchi nzuri. Ina Mlezi mmoja, naye analea kila kitu: shule, visima, ng'ombe, na mvua ikinyesha kwa wakati. Isiponyesha, hiyo si yake. Tena ina Wizara ya Kujitolea, maana watu wa huko wanapenda mno kujitolea. Kila mtu hujaza Fomu ya Hiari, nakala tatu, aeleze kwamba anajitolea kwa moyo mweupe. Asiyejaza hufuatwa nyumbani kwake na gari.

Katika mji wa nchi hiyo, Mtaa wa Mikwaju, palikuwa na Klabu ya Sanaa ya Wanachama. Jengo refu la mabati, jukwaa la mbao, mabenchi kumi na manane. Wanachama ni watu wa kawaida: mkunga, fundi baiskeli, wauza mkaa, mwamuzi wa mpira. Wanakutana Alhamisi na Jumapili kuimba, kucheza na kuigiza. Anayefagia anafagia kwa kupenda, anayechemsha chai anachemsha kwa kupenda. Na anayeshona alikuwa Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mama wa makamo, mjane, mwembamba, mwenye cherehani ya miguu na macho yanayoona uzi uliopinda kutoka upande wa pili wa barabara. Nguo zote za jukwaani alishona yeye. Na pazia alishona yeye.

Sasa kabla sijafika kwenye pazia, niwaambie sheria ya nchi hiyo, maana ni fupi. Mlezi akikisifu kitu, kitu hicho ni chake, hupelekwa kwake siku hiyo hiyo. Mlezi akikinunia kitu, hufungwa siku hiyo hiyo. Afisa wa Kujitolea hufuatana naye na madaftari mawili, jekundu la Sifa na jeusi la Kununa, na kila kitu kilichosimamisha macho ya Mlezi lazima kiandikwe kwenye mojawapo.

Mwaka mmoja Mlezi alisema zumari la klabu linalia vizuri. Likaenda zumari, na mpigaji akaenda nalo, hajarudi mpaka leo. Mwaka mwingine alisema paa ni imara. Wanachama wakafanya mazoezi masika nzima wakiwa na miavuli. Na kwaya ya Bondeni, majirani zao, siku Mlezi alipowatembelea kiti chake kilikuwa kigumu, akanuna. Kesho yake jengo la kwaya likawa ghala la viti laini.

Basi wanachama wa Mikwaju wakajifunza. Wakajua kwamba mbele ya Mlezi usiwe mzuri, na usiwe mbaya. Uwe wastani.

*

Msidhani wastani ni kitu chepesi. Mwenyekiti wa klabu, Mzee Fumbwe, aliyekuwa akipiga tarumbeta ujanani na mashavu yake hayajasahau, aliwafundisha wastani kwa jasho.

"Sauti ya tatu, chelewa!" alikuwa akipiga kelele. "Kidogo! Nimesema kidogo! Hapo umechelewa sana, mnataka tugeuzwe ghala?"

Wakirudia, msichana mmoja, jina lake Mtumwa, akisahau na kucheza kwa raha yake, kiuno kimelainika, ukumbi mzima unashtuka.

"Wewe Mtumwa, una nini leo?" Mzee Fumbwe anashika kichwa. "Vizuri hivyo kwa ajili ya nani? Unataka kupelekwa kuwachezea bata wa Mlezi?"

"Nisamehe, Mwenyekiti. Miguu imenipita."

"Ikirudi, iambie wastani."

Bi Somoe naye akishona nguo za siku ya ugeni aliacha uzi mmoja unaning'inia begani, kusudi. Ilimuuma. Mikono yake haikuzoea kuacha uzi. Lakini alivumilia, miaka nenda miaka rudi, kwa sababu ya pazia.

Pazia lilikuwa la vipande. Mwanachama akifariki, ndugu zake huleta kipande cha nguo yake, Bi Somoe hukiunga. Vilikuwa vipande thelathini na kimoja. Kulikuwa na kitenge cha mpishi wa chai wa kwanza. Kulikuwa na mfuko wa kaunda suti ya mwalimu aliyewatungia igizo la kwanza, na kalamu bado imo ndani. Na chini upande wa kulia, unaposimama nyuma ya jukwaa, kulikuwa na kipande cha kijani chenye maua meupe. Hicho kilikuwa cha gauni la Mwanaheri, binti pekee wa Bi Somoe. Alicheza jukwaani pale tangu ana miaka tisa. Homa ilimchukua akiwa na ishirini na mbili.

Hakubakiwa na kitu kingine cha Mwanaheri. Picha zilioza kwa maji mwaka ule wa paa. Kila Alhamisi, kabla ya mazoezi, Bi Somoe huenda nyuma ya jukwaa akashika kile kipande kwa vidole viwili, kama mtu anayepima ubora wa kitambaa dukani. Kisha huenda kwenye cherehani.

Siku za ugeni pazia lilikunjwa pembeni, likafunikwa na magunia. Mlezi hakuwahi kuliona.

*

Mwaka ninaowaeleza, Afisa wa Kujitolea alikuwa Bwana Ngwali, kijana wa suti, kiatu chake unaweza kujitazama humo. Alikuja kukagua maandalizi ya ziara. Barua ilisema saa nne. Wanachama, ambao wanaijua nchi yao, walimtarajia saa nane. Bwana Ngwali akaingia saa nne.

Jambo hilo halikuwahi kutokea. Watu walipigwa na butwaa kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka magunia.

Bwana Ngwali akasimama mbele ya pazia. Jua la dirishani lilikuwa limeliangukia lote.

"Hili," akasema polepole, "litampendeza Mlezi."

"Ni matambara tu, bwana," akasema Bi Somoe haraka. "Viraka vya marehemu. Lina vumbi."

"Mama, usijishushe. Ila limepungukiwa kitu kimoja." Bwana Ngwali akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja. "Limepungukiwa Mlezi. Mtamshona katikati, mkubwa, ameinua mkono wake wa kulia akituonyesha Kesho, kama alivyo kwenye picha rasmi. Kwa kujitolea. Fomu ninazo."

Akatoa fomu. Akatia sahihi yake mwenyewe juu, mahali palipoandikwa Aliyeagiza Hiari. Kisha akahesabu vipande, akaviandika vyote, cha kijani na maua yake meupe akakiandika.

"Kikipungua hata kimoja," akasema akifunga kalamu, "nitajua."

Alipoondoka, Bi Nyamvula, mkunga wa mtaa na shoga yake Bi Somoe wa tangu usichana, alimvuta pembeni.

"Fumua kile cha mwanao. Uweke kingine cha kijani."

"Ameandika mpaka maua, shoga."

"Basi shona uso mbaya. Anune."

"Akinuna watalichoma. Na klabu itafungwa." Bi Somoe akatazama kile kipande. "Akisifu litakwenda kwake. Nikishona vizuri nimempoteza, nikishona vibaya nimempoteza."

"Shona wastani."

"Uso wa Mlezi, Nyamvula? Uso wa Mlezi unashonwaje wastani? Ukimpunguzia pua utafungwa kwa pua."

*

Karatasi ya mchoro ililetwa na askari wawili, ndefu kama jamvi. Wanawake wanne wakajitolea, majina yao yalikuwa yameshaandikwa. Wakatandaza pazia sakafuni, wakaanza.

Mnajua wenyewe jinsi fundi anavyokata kitambaa. Anakilaza kifudifudi, upande mzuri chini, upande wa ndani juu, anaweka karatasi, anapiga chaki. Chaki haigusi uso wa nguo hata siku moja. Bi Somoe alifundishwa hivyo na mama yake, akawafundisha hivyo wenzake, na mtu aliyepiga chaki upande mzuri katika klabu ile alichekwa mwezi mzima. Basi wakakata kama walivyozoea: koti la Mlezi, shingo ya Mlezi, mkono wa Mlezi na saa yake, baka la shavuni. Kila aliyekata akageuza, akabandika, akashona.

Pazia lilikuwa kubwa, nao wamekaa pande zote nne, huyu yuko kwenye sikio, yule kwenye kifungo. Hakuna aliyeliona zima. Na kila jioni askari walikuja kulifunika kwa shuka nyeupe na kuchukua karatasi, kwa sababu amri ilisema hakuna anayeruhusiwa kumwona Mlezi kabla Mlezi hajajiona.

Bi Somoe alishona vizuri. Mikono ilikataa kufanya vinginevyo. Kila mshono alikuwa akijua unampeleka Mwanaheri kwenye nyumba ya Mlezi, akapigwe misumari ukutani karibu na zumari, na bado mshono ukatoka umenyooka.

*

Siku ya ziara, saa tisa alasiri, mabenchi yalikuwa yamejaa. Watu walikuwa wamejitolea kufika tangu asubuhi, na mageti yamefungwa ili hiari isitoroke. Bendi ya polisi ilikuwa nje. Pazia limetundikwa, limefunikwa shuka.

Bi Somoe aliona uzi umechungulia chini ya shuka. Akaenda kuukata. Akainua pembe ya shuka kidogo, kisha akainua zaidi, kisha akasimama na mkasi mkononi.

Ukutani pembeni ya jukwaa palikuwa na picha rasmi ya Mlezi, kama ilivyo kila ukuta wa nchi ile. Mkono ulioinuliwa ulikuwa upande wa mlangoni. Akatazama pazia. Mkono ulikuwa upande wa dirishani. Akatazama tena picha. Baka, mlangoni. Kwenye pazia baka, dirishani.

Mlezi alikuwa ameinua mkono wa kushoto.

Hapa niwaeleze kidogo. Miaka ya nyuma watu fulani wa nchi ile walikataa kujitolea, wakatembea barabarani wameinua mikono ya kushoto. Tangu hapo mkono huo hauinuliwi. Waongoza kwaya huweka wa kushoto mfukoni. Anayekula kwa mkono wa kushoto lazima awe na kibali. Na kikosi kizima cha polisi kinalishwa kwa kazi hiyo moja, ya kukamata mkono wa kushoto ukipanda juu ya bega. Siku hiyo kikosi kilikuwa mlangoni, kimepanga mstari.

Bi Somoe akaachia shuka. Akamfuata Bi Nyamvula nyuma ya jukwaa.

"Chaki tuliipiga upande wa ndani," akasema.

"Si ndipo inapopigwa?"

"Mchoro umegeuka, Nyamvula. Mkono ni wa kushoto."

Bi Nyamvula alikaa juu ya ngoma. "Uwiii, mama yangu. Tumekwisha."

"Tukimwambia Fumbwe?"

"Ataanguka, tutakuwa na maiti juu ya kesi."

Bi Somoe alipiga moyo konde. Alikwenda mwenyewe kwa Bwana Ngwali, aliyekuwa akipanga madaftari yake mawili kwenye meza ndogo.

"Bwana, kuhusu mkono wa Mlezi."

"Mkono wa Mlezi haujadiliwi, mama."

"Ule wa kwenye pazia, bwana. Nina wasiwasi nao."

"Wasiwasi unaletwa kwa maandishi, siku kumi na nne kabla." Hakuinua macho. "Rudi kwenye kamba yako. Nikisema *sasa*, uvute shuka."

Nje bendi ikaanza kupiga.

*

Mlezi aliingia. Mtu mfupi, mnene, anatembea kama mtu ambaye njia huondoka yenyewe mbele yake. Alikaa kiti laini. Watu wakapiga makofi mpaka kipenga cha kuacha kilipolia.

Bwana Ngwali akahutubia. Alisema kwamba kujitolea ni mto, na Mlezi ni chanzo cha mto, na pia ni bahari, na pia ni daraja. Alisema akina mama hawa hawakusukumwa na mtu. Alisema Mlezi sasa atajiona kama wananchi wanavyomwona.

"Sasa!" akasema.

Bi Somoe, nyuma ya jukwaa, alishika kamba kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeshika kile kipande cha kijani. Akavuta.

Shuka ikaanguka.

Bi Somoe alisikia tumbo la mtu likinguruma benchi la kumi na mbili. Kwenye tundu lililotobolewa na kalamu, pale kwenye mfuko wa mwalimu, aliweka jicho akaona ukumbi wote.

Mkuu wa kikosi alikuwa na filimbi mdomoni. Ilitoa nusu ya mlio, kisha akaimeza pumzi, macho yakamtoka. Mkono wa kushoto uko juu, sheria inasema akamate. Lakini wa nani?

Mlezi alijitazama. Alijitazama muda mrefu. Taratibu akaanza kuinua mkono wake wa kulia, ule anaouinua siku zote. Akauona, akautazama wa kwenye pazia, akaushusha. Akaanza kuinua wa kushoto. Kikosi kizima kikapiga hatua moja mbele, mazoea tu. Akaushusha upesi.

Midomo yake ikafunguka. Bwana Ngwali akashika daftari jekundu. Asifu nini? Akisifu, Mlezi amekubali mkono wa kushoto. Midomo ikafunga, nyusi zikaanza kushuka. Bwana Ngwali akashika daftari jeusi. Anunie nini? Anunie sura yake mwenyewe? Vifungwe vyote vyenye sura yake, kuanzia noti mpaka hospitali?

Nyusi zikakwama katikati.

Mwishowe Mlezi, mlezi wa visima na mvua, alichukua mikono yake yote miwili akaiweka chini ya mapaja, akaikalia. Akakaa hivyo, uso mtupu kama sahani iliyooshwa, wakati kwaya ya wastani inaimba nyimbo tatu za wastani. Zilipokwisha akasimama, mikono ameitia mifukoni, akatoka bila kumpungia mtu. Msafara ukaondoka. Bendi haikujua ipige nini, ikapiga ngoma peke yake.

*

Bwana Ngwali alibaki katikati ya ukumbi na kalamu, jasho linamdondoka kwenye vile viatu.

"Nani ameshona hiki kitu?"

"Wanachama, bwana, kwa kujitolea," akasema Bi Somoe. Alikuwa amekwisha toka nyuma ya jukwaa.

"Nani aliwaagiza?"

Bi Somoe akafungua pindo la kanga, akatoa nakala yake ya fomu, akamkunjulia vizuri.

"Imeandikwa hapa juu, bwana. Mimi darasa nililisoma kidogo, nisomee wewe."

Bwana Ngwali alisoma jina lake. Akalisoma tena, kama mtu anayetumaini kwamba herufi zitasikia haya na kuondoka. Akatazama daftari jekundu, akatazama jeusi. Lazima aandike, na hakuna pa kuandika.

"Uchunguzi," akasema hatimaye kwa sauti ndogo. "Kuna uchunguzi. Mpaka utakapokwisha, pazia hili lisifunguliwe, lisishushwe, lisiguswe kwa mbele, lisisifiwe, lisinuniwe. Jengo lisifungwe, maana pazia limo ndani. Walinzi wawili watakaa hapo mbele mchana kutwa."

Nchi ile haijawahi kumaliza uchunguzi. Kuna mmoja wa daraja lililopotea, ulioanza babu yake Mzee Fumbwe akiwa shahidi, na mpaka leo familia huitwa kila mwaka kuulizwa kama wameliona.

*

Alhamisi iliyofuata wanachama walikusanyika uani, vichwa chini. Mbele ya pazia, kwenye mabenchi matupu, walikaa walinzi wawili na daftari jipya la rangi ya kijivu.

"Klabu imekwisha," alisema Mzee Fumbwe. "Jukwaa lisilofunguliwa pazia ni stoo."

"Mwenyekiti," akasema Bi Somoe, "kwani nyuma ya pazia hakuna nafasi?"

"Nafasi ya nini?"

"Ya sisi. Tunaingilia mlango wa uani. Watazamaji wakae jukwaani upande mmoja, sisi tucheze upande wa pili. Mbele huko wenyewe wanalinda."

Wakatazamana. Bi Nyamvula ndiye aliyeanza kucheka, akajiziba mdomo kwa kanga.

Wakaingia. Walibanana, magoti ya watazamaji yaligusa ngoma. Jua la alasiri lilikuwa likipiga madirisha ya mbele, likapenya pazia, na kila kipande kikawaka kwa rangi yake upande wa ndani. Cha kijani kiliwaka kuliko vyote, maua meupe moja moja. Bi Somoe aliweka kigoda chake hapo karibu, bega lake likikigusa.

Mzee Fumbwe akainua mkono. "Sauti ya tatu," akasema kwa mazoea, "chelewa kido..."

"Asichelewe mtu leo," akasema Bi Somoe.

Mzee Fumbwe alitazama lile pazia lililofungwa, ambalo hakuna Mlezi wala daftari la kulipita. Kisha akatoa mkono wake wa kushoto mfukoni, akauinua pamoja na wa kulia, akawaongoza.

Waliimba kama ambavyo hawakuwahi kuimba kwa miaka ishirini. Yule Mtumwa alicheza, miguu ikampita, na safari hii hakuna aliyeiita. Bi Somoe alilia bila kujificha, huku anakata uzi uliokuwa ukining'inia begani mwa nguo ya msichana.

Kule mbele mlinzi mmoja alikuwa anatikisa kisigino. Mwenzake alimtazama, naye akaacha. Kisha huyo wa kisigino akachukua daftari la kijivu, akalamba ncha ya kalamu, akaandika: *Saa kumi na robo. Zimesikika kelele kutoka nyuma. Ni za wastani.*

Akalifunga daftari, akasogeza benchi lake karibu na pazia.